Kusoma nguo za kale za Pwani: kanga, kaniki na kanzu

Ukifungua kasha la zamani ukakuta kanga, jicho linakimbilia jina, yaani maneno yaliyochapwa juu yake. Ni mazoea ya pwani nzima, na dukani hayana ubaya. Lakini anayetaka kuijua jamii iliyoivaa nguo ile aliache jina mwisho kabisa. Maneno huigwa, hurudiwa, huchapwa upya miaka hamsini baadaye. Pamba, rangi na mshono havighushiki kwa wepisi huo. Kwa hiyo hapa tunaanza na uzi na kumalizia na maneno. Nguo tunazozizungumzia zaidi ni za Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu na Mrima (pwani ya bara inayotazamana na Unguja), kuanzia miaka ya 1830 hadi ya 1980.

Kabla hujaigusa

Tandika meza shuka nyeupe ya pamba iliyofuliwa na kusuuzwa vizuri. Weka karibu futi ya kitambaa kama ya fundi cherehani (ya chuma hukwaruza na kunasa nyuzi), lenzi ya kukuzia mara 10, mizani ya jikoni inayosoma gramu, tochi, kibano na penseli. Kalamu ya wino isikae mezani kabisa. Vua pete na bangili, nawa mikono, ikauke. Glavu za pamba si lazima. Hunasa kwenye nyuzi zilizokatika, na mkono mkavu huhisi mambo ambayo glavu inayaficha.

Usifue. Usipige pasi. Hili ndilo kosa linaloharibu ushahidi mwingi kuliko wadudu, na hufanywa kwa nia njema. Kufua kunaondoa dondo la kiwandani (wanga wa kukazia kitambaa), mafuta ya nazi, moshi wa udi na alama za jasho, na hivyo vyote utavihitaji baadaye. Kaniki, ile pamba ya buluu iliyokolea, ikiloa huchuja nili, yaani rangi yake, na kuchafua kila kilicho jirani. Tena zipo rangi nyeusi za zamani zilizopatikana kwa kuchanganya chuma na tanini, ambazo zimekuwa zikiila pamba taratibu. Ukiona matundu yanafuata mistari myeusi ya mchoro wakati nyekundu na nyeupe ni nzima, usimlaumu mende. Nguo ya namna hiyo hupasuka ikikamuliwa.

Kazi hii ifanye wakati wa kaskazi, Januari au Februari, hewa ikiwa kavu. Masika ni msimu wa koga, na kasha likifunguliwa siku ya mvua hufungwa tena na unyevu ndani yake. Ukikuta dalili za wadudu hai, funga nguo ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi -18 kwa wiki mbili. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka zipite saa 24, la sivyo umande utatua juu ya kitambaa. Wadudu nao wana habari: nondo wa nguo hutafuta sufu na hariri, ndiyo maana joho la sufu hutobolewa na kanga jirani yake ikasalimika, na mende na wadudu wa karatasi hufuata dondo na mabaki ya chakula.

Uzi na uzito

Tafuta kwanza ukingo uliofumwa, yaani pembeni pasipochanika wala kuhitaji kukungwa. Nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo huo ni mtande. Zinazoukata ni mshindio. Kwa lenzi, hesabu nyuzi ndani ya sentimita 1 upande wa mtande, kisha upande wa mshindio. Rudia sehemu tatu tofauti uchukue wastani. Sehemu moja haitoshi, kwa sababu kitambaa kilichovaliwa hulegea magotini na makalioni.

Pima urefu na upana, kisha uzito, ugawe uzito kwa eneo. Kanga ya mita 1.5 kwa 1.1 ina eneo la mita za mraba 1.65, ikiwa na gramu 190, hiyo ni takriban gramu 115 kwa mita ya mraba. Namba peke yake haina maana. Maana inakuja ukiwa na nguo nne au tano za kasha moja: hapo unaona ipi ilikuwa ya kushindia na ipi ya kutokea. Angalizo moja: kanga isiyowahi kufuliwa bado ina dondo, na dondo huongeza uzito na kuficha wepesi wa kitambaa. Usiilinganishe na iliyofuliwa miaka kumi.

Ili kujua kama ni pamba, tumia uzi ambao tayari umekatika. Usichomoe. Ushike kwa kibano juu ya kisahani chenye maji, uwashe. Pamba huwaka upesi, hunuka karatasi iliyoungua, na kuacha majivu laini ya kijivu. Hariri na sufu hunuka nywele. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Jaribio hili lina udhaifu wake: viskosi, ambayo ni uzi wa kiwandani unaotokana na mti, huwaka sawasawa na pamba. Lakini kidonge cheusi hakina mjadala. Poliesta ilibuniwa mwaka 1941, ikaenea madukani baada ya Vita vya Pili. Nguo yenye uzi huo ndani ya kitambaa chenyewe haiwezi kuwa ya zama za Sultani Barghash, hata familia nzima ikiapa. Uzi wa mshono ni jambo jingine, kwa kuwa nguo ya kale huweza kushonwa upya mwaka 1975.

Sasa merikani. Ni pamba isiyopaushwa, rangi ya krimu, imara, na ndiyo iliyoivisha Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Sayyid Said, sultani wa Oman na Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinashusha majora Unguja na kupakia pembe na sandarusi (utomvu mgumu wa miti). Kutoka hapo kitambaa kilipanda bara kwa misafara hadi Tabora na Ujiji, na huko kilikuwa pesa. Kilipimwa kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole: shuka ni mikono minne, doti ni mikono minane. Kwa hiyo ukipata kipande cha merikani, kipime pia kwa mkono. Kikiangukia karibu na mita 1.8 au 3.6 bila kuungwa, huenda unashika kipimo cha mshahara wa mpagazi au sehemu ya hongo (ada aliyolipwa mtawala ili msafara upite), na si kipande kilichokatwa kutosha mwili wa mtu fulani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba hiyo. Viwanda vya Uingereza na baadaye vya Bombay vikaingia sokoni na kitambaa cha kufanana nacho, na jina la merikani likabaki lilelile. Ndiyo maana huwezi kusema "hii imetoka Marekani" kwa sababu tu wazee wanaiita merikani. Muhuri wa kiwanda ukiwapo mwishoni mwa jora, upige picha kwa karibu kabla ya jambo jingine lolote, maana wino wake hufifia. Wenye misafara walijua vyema kwamba watu wa bara si wa kupewa chochote: kila njia ilikuwa na kitambaa na ushanga wake unaotakiwa, na mfanyabiashara aliyebeba aina isiyopendwa alikwama na mzigo wake. Kitambaa kilichofika Ujiji kinaeleza alichokikubali mnunuzi wa Ujiji, si alichokiamua mwenye kiwanda peke yake.

Rangi na uchapaji

Rangi hukupa mwaka ambao nguo haiwezi kuutangulia. Rangi ya kwanza ya kiwandani iliyouzwa sana, ya zambarau, ilibuniwa 1856. Alizarini, ile nyekundu ya mizizi, ikaanza kutengenezwa kiwandani mwishoni mwa miaka ya 1860. Rangi tendaji, zinazoshikamana na pamba yenyewe na kung'aa bila kuchuja, ziliingia sokoni 1956. Kwa nili mambo ni magumu zaidi: BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani mwaka 1897, lakini kikemia ni kitu kilekile na nili ya mmea. Jicho haliwezi kuzitofautisha, wala kipimo cha kawaida cha maabara. Anayekuambia kaniki fulani ni "ya nili asilia" kwa kuitazama tu anabahatisha.

Kuithibitisha kaniki, bonyeza pamba nyeupe yenye unyevu kidogo kwenye kona iliyojificha, sekunde 10. Ikitoka buluu, ni nili au rangi nyingine isiyoshika. Isipotoka kitu, bado inaweza kuwa kaniki iliyofuliwa mno. Itazame pia ndani ya mikunjo ya upindo, ambako jua halikufika: hapo utaona rangi iliyotoka nayo dukani.

Kwa kanga, geuza upande wa nyuma. Mchoro uliochapwa kwa mihuri ya mbao huachana pale muhuri ulipoinuliwa na kuwekwa tena. Tafuta mistari ya pindo isiyokutana vizuri, hasa kwenye kona. Rola ya shaba huchora mistari myembamba kama unywele, na kosa lake hurudi kwa umbali uleule kila mara, sawa na mzunguko wa rola. Pima umbali huo uuandike. Skrini, yaani wavu wa kupitishia rangi, hutoa mabaka mapana yenye kingo safi, na rangi mbili zikikosana utaona ufito mweupe au mweusi kati yake. Ufito huo ukifuata upande mmoja kitambaa kizima, ni skrini moja iliyosogea. Nta, kama ilivyotumika kwenye vitenge vya mtindo wa Java, huacha pande zote mbili zikilingana na vijishipa vidogo vya rangi mahali nta ilipopasuka.

Hapa ndipo jamii inapoonekana. Kabla ya kanga kuwa kitambaa kimoja kipana chenye pindo pande nne na mji katikati, masimulizi ya Unguja na Mombasa yanataja wanawake walionunua leso zilizochapwa, wakazikata tatutatu na kuziunga kuwa shuka ya leso sita. Nguo yenye mshono unaopita katikati ya kila kipande, na pindo ndogo zinazojirudia ndani, ni ya thamani kubwa. Usiifumue kwa kudhani ni kiraka. Wachapaji wa Uholanzi, Haarlem na Helmond, na wa Manchester, walikuwa wanachapa kwa ajili ya wanawake hawa kufikia mwisho wa karne ya 19. Ajabu ya biashara hii ni kwamba mwenye rola Ulaya alikuwa anamkimbiza mwanamke wa Ng'ambo, Unguja, ambaye mtindo wa mwezi uliopita hautaki tena. Kanga nyingi zenye michoro ya muda mfupi, ndani ya kasha moja, ni dalili ya mtu aliyekuwa na fedha yake mwenyewe mkononi.

Kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni kinyume chake. Mchoro haubadiliki, unahusishwa na harusi na shughuli za wakubwa, na kwa hiyo hauwezi kutumika kukisia umri. Angalia uzi na uchapaji tu.

Mshono, na kanzu zaidi

Nyuzi mbili za cherehani hukutana katikati ya kitambaa: juu na chini mshono unafanana. Mshono wa bandi kwa mkono huacha nafasi, na upana wa hatua hubadilika fundi akichoka. Cherehani zilianza kuenea duniani miaka ya 1850, lakini kushona kwa mkono hakukukoma hata leo. Mshono wa mashine unakupa mwaka wa mwanzo. Mshono wa mkono haukupi mwaka wowote.

Kanzu ina mengi zaidi kwa sababu imeungwa vipande. Ilaze chali, uvitambue: badani mbele na nyuma, taharizi za ubavuni, kikwapa chini ya kila kwapa, kaba ndani ya shingo, sijafu mwishoni mwa mikono. Pima upana wa badani kutoka mshono hadi mshono. Upana huo mara nyingi ni upana wa jora lenyewe, kwa kuwa hakuna fundi anayekata kitambaa bila sababu. Ukikuta ukingo uliofumwa ndani ya mshono wa taharizi, umeupata upana wa jora kwa uhakika. Taharizi zilizoungwa kwa vipande vidogo vidogo zinaeleza uhaba. Taharizi pana, zilizokatwa kwa mlazo bila kujali masalio, zinaeleza fundi aliyeambiwa asibanie.

Tazama kaba na darizi ya shingoni. Darizi ya hariri iliyofanywa kwa mkono huchukua siku nyingi kuliko kuishona kanzu yenyewe, na ndiyo sehemu inayohamishwa: hukatwa kutoka kanzu iliyochakaa na kupachikwa kwenye mpya. Utajua kwa kuangalia ndani, ambako kitambaa cha kaba kitakuwa na weupe au umanjano tofauti na badani, na matundu ya zamani ya sindano yasiyo na uzi. Wengi huiandika kanzu hiyo kwa umri wa darizi, wakakosea miaka thelathini.

Kwa kofia, hesabu ni nyepesi: kofia ya viua ikiwa imetobolewa na kushonwa kwa mkono, kila tundu limezungushiwa uzi, na nyuma ya tundu utaona fundo au uzi unaoruka kwenda tundu la pili. Ya mashine mara nyingi haina fundo hilo la mkono.

Buibui la zamani halina mikono wala uwazi mbele. Ni kitambaa kipana cheusi kilichoshonwa kuzunguka, na kamba ya kulivutia kichwani. Lilienea mwanzoni mwa karne ya 20. Ukilikuta, kagua alama za kamba ile, maana huonyesha lilivutwa mbele kufunika uso au lilirudishwa nyuma.

Uchakavu

Nguo hufifia mahali ilipopigwa jua. Ishike kanga dhidi ya dirisha uitazame kwa nyuma, kisha laza tochi pembeni mwa meza mwanga upite juu ya kitambaa. Ufito uliokunjamana kwenye pindo la juu, karibu na katikati ya urefu, ni mahali ilipofungwa kiunoni au kifuani. Kunyooka na kulegea kwa umbo la upinde, pamoja na madoa ya maziwa au mkojo, ni mbeleko. Mji uliofifia wote sawasawa ni kanga iliyotandwa nje. Mji uliofifia katikati peke yake huenda ilikaliwa. Matundu madogo yenye kingo za kahawia, ya duara, kwenye upande mmoja wa chini, ni cheche za jiko la kuni au mkaa.

Doti ikiwa imekamilika, kagua vipande vyote viwili. Mara nyingi kimoja kimechoka na pacha wake ni mzima, na tofauti hiyo inakueleza kazi ya kila kimoja. Doti ambayo haijachanwa kabisa, vipande bado vimeshikana, haikuvaliwa: ilikuwa akiba, zawadi isiyotumika, au mahari iliyohifadhiwa. Na kanga iliyokungwa upindo upande mmoja na kuachwa mwingine ni ya mtu aliyeivaa haraka.

Viraka navyo vina wakati wake. Vita vya Pili vilileta mgao wa nguo Afrika Mashariki, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kanga ziliadimika tena Tanzania. Kiraka cha kanga nyingine, kilichowekwa kwa uangalifu ili pindo lifuatane, juu ya kitambaa ambacho wakati mwingine kingegeuzwa dekio, kinafaa kulinganishwa na miaka hiyo. Kisiwe ushahidi peke yake. Umaskini wa nyumba moja hausubiri vita.

Kisichokuwamo kashani na kilichomo pichani

Makasha hutunza sherehe. Nguo ya kazi ilivaliwa mpaka ikaisha, ikawa kitambaa cha kushikia sufuria, ikawa hakuna. Kwa hiyo nguo za watu wengi zaidi wa karne ya 19, yaani watumwa wa mashamba ya karafuu na wa mjini, karibu zimetoweka, na anayejenga picha ya Unguja ya 1880 kwa nguo zilizosalia ataona mji wa majoho na barakoa. Watumwa wanawake walijifunga merikani au kaniki chini ya makwapa, kichwa wazi. Wanaume shuka ya kiunoni. Kofia, viatu na kanzu vilikuwa alama za uungwana, na mtumwa hakutakiwa kujionyesha navyo mbele ya bwana wake. Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kufuta utumwa Unguja na Pemba. Pwani ya Kenya ilifuata 1907, na Tanganyika ikasubiri hadi 1922.

Soma nguo za miaka iliyofuata ukiwa na tarehe hizo mkononi. Waliokuwa wakivaa kaniki waliiacha, wakachukua kanga zenye rangi, wakafunika vichwa, na ndani ya kizazi kimoja buibui likawavisha mwanamke wa shamba na wa Mji Mkongwe kwa weusi mmoja. Hakuna aliyewaamuru. Kanga ya 1900 yenye rangi kali ina siasa zaidi kuliko nyingi zilizochapwa picha ya kiongozi.

Pengo la kasha hujazwa kwa picha, na Unguja ilikuwa na studio za Gomes na Coutinho zilizouza picha na postikadi nyingi. Zitumie kwa hadhari tatu. Maelezo yaliyochapwa chini ya picha ni ya muuzaji, na mara nyingi yanamwita "mwanamke wa Kiswahili" yeyote aliyekaa kitini. Nguo na vito vingine vilikuwa vya studio. Ukiona kiti, zulia na mkufu uleule kwenye picha za watu tofauti, uondoe mkufu kwenye hesabu yako. Na rangi: filamu za zama hizo hazikuiona nyekundu, zikaitoa nyeusi, na buluu zikaitoa nyepesi. Kisutu pichani huonekana karibu cheusi chote, na kaniki ya nili iliyofifia huonekana kama kijivu cha kawaida. Usibaini kaniki kwa picha. Baini kwa namna ilivyofungwa na kwa kichwa na miguu iliyo wazi.

Jina

Sasa maneno. Kanga za mapema zenye jina ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, kisha herufi za Kilatini zikashika nafasi. Mpito haukuwa wa siku moja, kwa hiyo hati ya Kiarabu ni dalili tu. Nakili herufi kwa herufi, makosa pamoja. "Fetha" badala ya "fedha" ni tahajia ya kabla ya usanifishaji ulioanza mwaka 1930, ingawa wazee waliendelea nayo. "Ndoo" kwa maana ya "njoo", au "nti" kwa "nchi", ni Kimvita, na mwenye duka alikuwa akimlenga mteja wa Mombasa. Herufi zilizogeuzwa au maneno yaliyokatwa pasipofaa huonyesha mchongaji asiyejua lugha. Na kama maneno ni ya Kimalagasi, hiyo ni lambahoany, nguo ya Bukini (Madagaska), si kanga ya kwetu.

Kisha tafuta maandishi madogo pembeni mwa jina: alama ya mfanyabiashara, namba ya mchoro, nchi. Alama inayojulikana kuliko zote ni K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla", ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, duka lililoanza 1887. Ipo kwenye kanga za vizazi vingi na imeigwa, hivyo alama hiyo haikupi mwaka. Inayokusaidia ni namba ya mchoro iliyo kando yake, ukipata ya kulinganisha nayo. Kanga zilizochapwa Japani zilijaa kati ya vita viwili na tena miaka ya 1950. Neno Urafiki linakupeleka kwenye kiwanda cha Dar es Salaam kilichoanza 1968 kwa msaada wa China.

Kanga za uhuru, za Azimio la Arusha la 1967, za kuzaliwa CCM 1977, zina mwaka umeandikwa. Ni mtego: mwaka ule ni wa tukio, na maadhimisho hurudiwa. Linganisha rangi na kitambaa kabla hujauamini.

Maana ya jina muulize mwenye nguo, au aliyemrithi. Mpe shikamoo yake, keti, mwekee kanga mapajani, umwache aishike. Usiulize "hii ni ya mwaka gani?" kwa sababu atakupa mwaka wa kukuridhisha. Uliza, "Bibi, ulipoinunua, mtoto gani alikuwa mgongoni?" Au nani aliivaa doti ya pili. Kanga yenye jina "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" dukani ni methali; barazani alikuwapo aliyelengwa, na wakati mwingine hilo hataki kulisema. Mwache.

Tuunganishe

Tuseme mbele yako kuna kipande kimoja cha kisutu, mita 1.6 kwa 1.1, pamba tupu. Nyuma rangi ni hafifu. Lenzi inaonyesha mistari myembamba na kijidoa kinachorudi kila sentimita 40. Jina ni la hati ya Kiarabu. Upindo umekungwa kwa mkono kwa uzi wa pamba. Ufito wa mikunjo uko juu katikati, na hakuna dalili ya moshi wala cheche.

Unaweza kusema: imechapwa kwa rola, kiwandani, yawezekana ni ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, ilivaliwa kwa kujifunga, na haikupikiwa. Huwezi kusema ni ya harusi, kwa sababu kisutu peke yake hakitoshi. Huwezi kusema imetoka Uholanzi mpaka uone alama. Na swali la maana kuliko yote, pacha wake yuko wapi, linajibiwa na watu wa nyumba: aligawiwa binti, alizikiwa mtu, au aliishia jikoni.

Andika hayo yote kwa penseli kwenye kadi moja kwa kila nguo, ukitenganisha safu mbili, "nilichokiona" na "ninachokidhani". Namba ya nguo iandike kwenye utepe mweupe wa pamba, uushone kwa nyuzi mbili tatu kwenye upindo. Usitumie pini, stepla wala gundi, maana chuma hushika kutu kwa hewa ya bahari. Izungushe nguo kwenye bomba la karatasi lililofunikwa kwa pamba iliyofuliwa, upande wenye rangi ukiwa nje, na karafuu au kafuri ukipenda ziwe kwenye mfuko wao, mbali na kitambaa.